Sare Tatu Kuelekea Goli la Furaha

Wapendwa wa kikundi cha vijana,

Jumapili iliyopita Shemasi Byamungu alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba safari yetu ya Luxemburg ilijaa baraka na kwamba "tulishinda". Mlipiga makofi. Mama Furaha aliinamisha kichwa, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani. Tangu siku hiyo mmeniuliza, mmoja mmoja, kwa nini sikupiga makofi. Jibu lake halitoshi kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo nimeliandika hapa.

Kwa mliohamia Stockholm juzi: Furaha ni binti wa Mama Furaha wa Vårby gård, ana miaka kumi na sita. Miaka miwili iliyopita mama yake alizichukua glavu zake za ukipa akazitoa kwenye mchango wa nguo wa kanisa, akisema haifai mtoto wa kike kujitupa chini mbele ya watu. Furaha alifunga mizigo akahamia kwa baba yake Luxemburg. Nchi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba msichana akidaka mpira mara mbili mfululizo, lazima jirani yake awe anamjua mtu wa timu ya taifa. Mwaka huu akaitwa kwenye timu yao ya wasichana wa chini ya miaka kumi na saba, kipa wa pili.

Mara tatu mama yake aliahidi kwenda kumwona. Mara ya kwanza alipangiwa zamu kazini, ya pili ikatokea harusi, ya tatu mafua. Baada ya mafua, Furaha alimwambia kwenye simu, "Mama, usiniahidi tena." Kisha kipa wa kwanza akateguka kidole, na Furaha akapewa mechi moja ya kirafiki dhidi ya Andora, Jumamosi saa tisa alasiri. Baada ya hapo mwenye goli angerudi golini.

Mama Furaha aliamua kwenda bila kumwambia mtu yeyote huko.

"Nikimwambia halafu nisifike," aliniambia, "huyo mutoto nimemupoteza."

Kwa hiyo hatukuweza kumpigia baba yake aje kutupokea, wala kumwomba msaada wowote. Ilibidi tufike wenyewe. Nilichaguliwa mimi kuongoza kwa sababu nina shahada ya uzamili ya mipango ya usafirishaji, ambayo kwa sasa ninaitumia kupanga maziwa kwenye rafu za duka moja la Hallonbergen.

Vårby gård hadi kituo kikuu

Hatukupanda ndege kwa sababu ya sombe. Mama Furaha alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu cha kwao, na dagaa wanaowaita ndagala, kwa siku mbili, akaijaza kwenye sanduku la plastiki la kuhifadhia baridi, kubwa kama kitanda cha mtoto mchanga, na hakutaka kusikia habari za kuliacha sanduku hilo mikononi mwa watu wa mizigo.

Nilifika kwake Ijumaa asubuhi nikiwa na ratiba niliyoichapisha kwa rangi tatu. Kijani ilikuwa ya mambo yakienda sawa, njano ya tukichelewa kidogo, nyekundu ya maafa. Yeye alinikabidhi mfuko.

"Vaa."

Ndani mlikuwa na gauni la kitenge cha rangi za bendera ya Kongo: bluu ya anga, mistari myekundu, na njano pembeni. Yeye alikuwa ameshavaa lake. Shemasi Byamungu, aliyetumwa na kanisa atusindikize kwa kuwa wanawake wawili hawawezi kuvuka Ulaya bila mwanamume wa kuwapoteza njia, alikuwa na shati la kitambaa kilekile na koti la suti juu yake.

"Mama, mimi ni Mkamba wa Machakos," nikasema.

"Leo weye ni wa kwetu. Mutoto akitazama kule bantu banakaa, aone rangi zetu toka mbali. Aseme, yule ni mama."

Nilivaa. Kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeweka nafasi ya mgomo, mafuriko, kuibiwa simu, na Shemasi kupotea msalani. Wiki nzima sikulala vizuri nikiyafikiria hayo. Haikunijia hata mara moja kuitafuta bendera ya Andora niiangalie.

Msitu wa Småland

Saa nne na nusu treni ilisimama katikati ya misonobari. Sauti ikatangaza kwamba kuna hitilafu ya ishara mbele na kwamba wanasikitika. Baada ya hapo behewa zima likanyamaza kwa namna ambayo ni Waswidi tu wanaoiweza, watu sabini wakitazama nje kana kwamba walikuwa wamelipia kuona miti.

Nikaanza kupiga hesabu. Tukichelewa dakika ishirini, tunapata treni ya Copenhagen. Arobaini, tunaikosa lakini kuna nyingine. Mama Furaha alinitazama nikiandika.

"Mwende, juu ya nini unaandika? Treni inasoma hiyo karatasi?"

Akafungua sanduku lake ili ahakikishe barafu haijayeyuka. Harufu ya ndagala ikatoka taratibu, ikashuka kwenye njia ya katikati, ikamkuta bwana mmoja mwenye miwani ya fremu nyembamba. Alikusanya koti lake, kompyuta yake na kikombe chake, akahamia behewa la mbele kwa adabu zote, kama mtu aliyekumbuka kwamba siku zote alikuwa akitaka kukaa kule.

Tulikaa pale saa mbili. Mkahawa wa treni uliishiwa kila kitu hadi biskuti. Ndipo yule bwana akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha mwanzo, akayatazama mandazi tuliyokuwa tumeyatoa mkobani tule, kisha akaitazama misonobari.

"Mpe," Mama Furaha akaniambia.

Alikula manne. Akasema kwa Kiswidi kwamba yana "ladha ya kusisimua". Nikamtafsiria Mama Furaha.

"Mwambie hata ndagala zinasisimua. Mbona alizikimbia?"

Sikumwambia. Niliwaza labda ataumia, halafu nikawaza labda kutomwambia ni kumdharau, na nilipomaliza kuwaza treni ilikuwa imeondoka na yeye amelala.

Hamburg, sebuleni kwa binamu

Jioni tulifikia kwa binamu yake Shemasi, mama mmoja mkarimu ambaye simtaji jina kwa sababu mema aliyotutendea ni mengi kuliko lile moja nitakalolisema. Alitulisha, akatulaza, akatuamsha kwa chai. Treni yetu ya kwenda Köln ilikuwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, na kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Saa kumi na moja na robo tulikuwa mlangoni, viatu miguuni.

"Hamuwezi kutoka bila maombi," binamu akasema.

Hakuna aliyebisha. Nyote mnajua kwamba hakuna anayebisha. Tukashikana mikono. Akamwombea dereva wa treni. Akaziombea reli, kisha mataruma yaliyo chini ya reli, kisha wale walioyalaza mataruma hayo na wajukuu wao. Akaomba kwa machozi tusichelewe. Nilifumbua jicho moja, saa ya ukutani ikasema kumi na moja na dakika arobaini.

Mama Furaha alivua miwani kufuta machozi, nadhani ya hasira, kisha akasema "Amina!" kwa sauti ya kufunga kikao. Binamu akaichukua kama moto wa kuongezewa kuni. "Amina!" Mama Furaha akarudia. Binamu akapanda hadi Ujerumani yote. Kwenye Amina ya tatu Shemasi naye alishikwa na roho, akaanza ya kwake kwa Kifaransa.

Tulifika kituoni saa kumi na mbili na dakika nane. Jukwaa lilikuwa tupu na safi.

"Kumbe treni za Ujerumani zinaondoka kwa wakati," Shemasi akasema kwa mshangao, na hiyo ndiyo mara ya mwisho treni ya huko kutufanyia hivyo.

Tulipanda ya saa moja. Ilipoanza kwenda, Mama Furaha alijigusa usoni, kisha kifuani, kisha mkobani. Miwani ilibaki kwa binamu, juu ya friji.

Köln, Koblenz, na somo la mpira

Treni ya saa moja ilisimama mara tatu kwa sababu tatu tofauti, zote zikitangazwa kwa heshima. Köln tuliikosa ya kwenda Koblenz. Nilikuwa nimetoka kwenye kijani, nimepita njano, na nyekundu nayo ilikuwa inakwisha. Mama Furaha aliketi mbele yangu amelikumbatia sanduku, macho ameyakunja kwa kutoona vizuri.

"Mwende. Yule kipa ndiye peke yake anaruhusiwa kushika kwa mikono?"

"Ndiyo, mama."

"Na mpira ukiingia kwake?"

"Ni vibaya. Ukiingia kwa mwenzake wa upande wa pili ni vizuri."

Akatafakari. "Donc, basi, yeye anasimama pale saa yote, bengine banakimbia, na kosa likitokea banamutazama yeye."

"Ndiyo."

"Kumbe hiyo ni kazi ya mama," akasema, akageukia dirisha.

Nilitoa karatasi nikamchorea uwanja, goli la kushoto na goli la kulia. Nilimweleza kuotea, kona na kadi. Nilimweleza hadi jinsi mshindi anavyopatikana kwa penalti, jambo lisilohusika kabisa. Nilisahau kitu kimoja tu, kumwambia kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli.

Basi lisilotaka kitu

Luxemburg tulishuka saa tisa kasoro dakika tano. Mechi ilikuwa inaanza baada ya dakika tano, na uwanja ulikuwa mji mwingine mdogo, mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Usafiri wa umma huko ni bure kwa kila mtu. Nilijua. Shemasi naye alijua. Mama Furaha alisimama mlangoni mwa basi akakataa kupanda.

"Hakuna nchi inabeba mutu bure. Banangoja tukae, halafu banakuja na faini."

Shemasi, ambaye tangu Stockholm alikuwa akituambia tungoje tufike kwenye nchi ya Kifaransa tumwone mwanamume, alimgeukia dereva akamwaga Kifaransa kizima cha Bukavu, chenye "veuillez" mbili za heshima. Dereva alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita abiria mmoja amsaidie. Dereva alikuwa Mreno.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia, "Furaha yuko golini sasa hivi."

Akapanda. Njia nzima alishika nauli mkononi, tayari kwa yeyote atakayekuja.

Uwanjani

Ulikuwa uwanja mdogo wa kijani, ng'ombe upande mmoja, kanisa upande wa pili, na uzio wa chuma mfupi. Mlinzi wa getini, msichana mwenye fulana ya rangi ya chungwa, alizitazama sare zetu akatabasamu.

"Andora?" akauliza.

"Oui," Shemasi akasema, akidhani anaulizwa kama tumekuja kwenye mechi ya Andora.

Akatupeleka upande wa mbali, kwenye mabenchi walikokaa wazazi kama kumi na wawili wenye bendera ndogo za bluu, njano na nyekundu. Waliposikia hatua zetu waligeuka. Waliona Waafrika watatu wamevaa rangi za taifa lao dogo kuanzia mabegani hadi miguuni, mmoja amebeba sanduku, nao wakainuka kama watu waliotembelewa na malaika. Bibi mmoja alimbusu Mama Furaha mashavu yote mawili. Mwingine akampa Shemasi bendera. Shemasi akaipeperusha.

Sikuona mtu katika nchi hiyo ambaye angeamini maelezo yetu.

Nilimwona Furaha mara moja. Alikuwa goli la kushoto, amerefuka, nywele zimesukwa nyuma, jezi ya kipa ya kijani. Bado ilikuwa sifuri kwa sifuri.

"Mama, yule kushoto."

Mama Furaha aliweka sanduku chini. Hakupiga kelele. Alikunja macho, akalitazama lile doa la kijani, akashika mkono wangu kwa nguvu. "Nimemwona," akasema. Dakika moja baadaye refa akapuliza mapumziko.

Hapo ndipo nilipokosea kosa la msomi. Nilihisi si haki kukaa kwa wapinzani. Je, Furaha akituona huku? Je, akidhani tumekuja kumzomea? Nikaondoka kwenda kumweleza mlinzi. Njiani niliitunga sentensi, nikaifuta, nikaitunga upya kwa upole zaidi. Mlinzi alinipeleka kwa bwana mmoja, na bwana yule alikuwa anakula. Nilimngoja amalize, nisimkere. Nilipofungua mdomo, kipindi cha pili kilikuwa kimefika dakika ya ishirini.

Ya nyuma yangu nimesimuliwa. Timu zilibadilishana. Kipa wa Andora alikuja goli la kushoto, na kipa wa Andora naye alikuwa msichana mweusi, mrefu, nywele zimesukwa, jezi ya kijani iliyokolea kidogo.

"Ni yeye bado?" Mama Furaha alimwuliza Shemasi.

"Mweusi golini yuko mumoja tu. Nani tena?" Shemasi akajibu, yeye ambaye kila Jumapili hulalamika kwamba Waswidi wanashindwa kututofautisha.

Basi alimtazama. Alimtazama binti wa mtu kwa mapenzi ya miaka miwili. "Amekonda," alisema. "Ona anavyosimama, kama bibi yake." Yule msichana alipodaka mpira wa juu, Mama Furaha alilia.

Nikiwa kwenye uzio wa mbali nilikuwa nalitazama goli alilohamia Furaha. Niliona kona ikipigwa, vichwa vikigongana, mpira ukateleza kwenye vidole vya Furaha ukaingia. Alibaki amelala kifudifudi kwenye matope. Nikawasikia wazazi kumi na wawili wa Andora wakilipuka. Na juu yao, vikali, virefu, vya kupasua anga la Luxemburg, nikasikia vigelegele.

Mama Furaha alikuwa amesimama juu ya benchi. Bibi wa Andora amemkumbatia kiuno. Shemasi anapeperusha bendera ya watu.

Nilitaka ardhi inimeze na shahada yangu.

Furaha aliinua kichwa kutoka kwenye matope. Hakutazama mpira. Alitazama upande wetu, muda mrefu kuliko kipa anavyoruhusiwa. Halafu akaanza kucheka. Amefungwa bao kwenye mechi yake moja, amekaa kwenye matope anacheka, kocha wake anapiga kelele kana kwamba mtoto amerukwa na akili. Akainuka, akajipangusa, na dakika zilizobaki hakuna kilichompita. Ikaisha moja kwa sifuri.

Kwenye uzio

Nilimweleza Mama Furaha yote. Alishuka juu ya benchi akaketi. Wazazi wa Andora walikuja kumuaga, wakambusu tena, naye akawaacha wambusu.

Furaha alikuja uzioni na glavu zake.

"Mama, ulikuwa unashangilia nini?"

"Nilikuwa nakushangilia weye."

"Nilikuwa nimefungwa."

"Mwende amenieleza. Nilikuwa namutazama ule mwengine. Nilifikiri ni weye."

Nilingoja mtoto aondoke. Nilikuwa nimeshapanga maneno saba ya kumrudisha. Furaha akasema kwa Kiswidi, polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Umekuja." Kisha kwa Kiswahili: "Hakuna mtu mwingine Ulaya hii anayepiga vile. Nilijua kabla sijafumbua macho."

Mama Furaha alinyoosha mkono kuelekea glavu zenye matope. Furaha alizishika kidogo, sekunde mbili hivi, kabla ya kuziachia. Sote watatu tuliiona hiyo sekunde ya pili. Mama Furaha alizipangusa kwa upindo wa sare yake mpya, kidole kimoja kimoja, hadi kitenge kikawa kahawia, akamrudishia.

"Kuna sombe?" Furaha akauliza.

"Iko. Muite na ule mwengine. Nimemutazama kipindi kizima, sasa nitamuacha na njaa?"

Ndiyo maana mkiona picha kwenye simu ya Shemasi, makipa wa mataifa mawili wamekaa kwenye kituo cha basi wanakula ndagala kwa vidole.

Nyumbani

Nilimwuliza Shemasi kwenye treni ya kurudi kwa nini anawaandikia watu kwamba tulishinda. Alinitazama kwa huruma. "Mwende, tulikaa upande gani?"

"Wa Andora."

"Nani alishinda?"

"Andora."

"Voilà."

Kipa wa kwanza amerudi golini, na Furaha amerudi benchi. Mama yake ameahidi kwenda tena, na mtoto, nilisikia mwenyewe kwenye simu, alijibu, "Sawa, mama." Miwani imeshatumwa kutoka Hamburg. Kila Alhamisi jioni ninapanda treni hadi Vårby gård kumfundisha sheria za mpira. Ratiba nimeiacha nyumbani. Tumeanza na kubadilishana magoli, na hadi sasa hatujavuka hapo, kwa sababu kila nikimchorea timu zikihama, Mama Furaha anaweka kidole chake juu ya kipa wa kijani na kumsogeza mwenyewe, polepole, hadi upande wa pili, asimpotee tena.